Habari za Nabothi Hazisomwi Dominika

Tangu Papa Leo XIV alipowatangaza vijana wawili Waitalia, Carlo Acutis na Pier Giorgio Frassati, kuwa watakatifu, Septemba 7, 2025, na hasa tangu Mwaka wa Jubilei ulipofungwa Januari 6, 2026, mazungumzo ambayo zamani yalikuwa ya masista na akina mama wa Lejio ya Maria yameanza kusikika miongoni mwa vijana wa parokia za Nairobi. Wanawekeana ahadi ya kuhudhuria Misa kila siku. Wengine walianza Jumatano ya Majivu na hawajaacha. Wengine wamechagua siku moja au mbili katikati ya juma, aghalabu Alhamisi kwa ajili ya kuabudu Ekaristi, au Ijumaa ya kwanza kwa heshima ya Moyo Mtakatifu. Katika makundi ya WhatsApp utakuta kijana akiwaarifu wenzake kwamba amefikisha Misa ya ishirini na saba mfululizo, nao wakampongeza. Wapo wanaolifurahia jambo hili na kuliita uamsho. Wapo pia wanaolitazama kwa shaka, wakisema ni dalili ya maisha magumu tu, kwamba kijana asiye na kazi, mfanyakazi aliyelemewa na mikopo na mama aliyeshindwa na karo wote wanatafuta mahali pa kulia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea kwa namna moja, kwa sababu zote mbili zinahesabu vichwa na siku, na hakuna inayouliza ni nini hasa kinachotokea ndani ya ile nusu saa. Dai langu ni kwamba kuhudhuria Misa mara nyingi zaidi hukuza imani kweli, lakini chanzo cha ukuaji huo ni mambo mawili ambayo Misa ya Dominika, yaani ya Jumapili, kwa jinsi tunavyoiadhimisha hapa kwetu, huyatoa kwa shida: mfululizo wa Neno la Mungu, na ufukara wa adhimisho lenyewe.

Kwanza tukumbuke kwamba suala hili si geni wala si la mitindo ya vijana. Matendo ya Mitume (2:46) yanasimulia kwamba waamini wa kwanza walidumu hekaluni kila siku kwa moyo mmoja, wakimega mkate nyumba kwa nyumba. Katika karne ya 3 Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, alipokuwa akiifafanua Sala ya Baba Yetu, alisema mkate wetu wa kila siku ni Kristo mwenyewe, ambaye waamini wake walimpokea kila siku katika Ekaristi. Mwaka 304, Wakristo 49 wa Abitina, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Tunisia, walikamatwa kwa kukusanyika kinyume cha amri ya Kaisari Diokletiani, na mmoja wao, Emeritus, alimjibu hakimu kwamba bila adhimisho la Bwana hawawezi kuishi. Ninataja mahali walikotoka watu hao kwa makusudi, kwa maana tumezoea kudhani kwamba kila ibada yenye bidii ililetwa kwetu kwa meli kutoka Ulaya, ilhali mashahidi hawa walikuwa wa bara hili, miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla ya mapadre wa Roho Mtakatifu kuanzisha misheni ya Mtakatifu Austin hapa Nairobi mwaka 1899.

Moto huo ulipoa baadaye. Kufikia mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano ulilazimika kuamuru kwamba kila mwamini apokee komunyo angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na amri ya kiwango cha chini kama hicho haitolewi isipokuwa pale ambapo hata hicho hakifikiwi. Katika Ufaransa ya karne ya 17 woga uligeuzwa kuwa mafundisho: mwaka 1643 mwanateolojia Antoine Arnauld alitoa kitabu kizima cha kuwatahadharisha watu dhidi ya kupokea mara kwa mara, na kwa vizazi vingi baada yake waamini wema walikaa mbali na meza ya Bwana wakiamini kwamba umbali huo ndio heshima. Papa Pius X ndiye aliyeufunga mjadala huo kwa hati ya Desemba 20, 1905, iliyoruhusu na kuhimiza komunyo ya mara kwa mara, hata ya kila siku, kwa mwamini yeyote aliye katika hali ya neema, yaani asiye na dhambi ya mauti, na mwenye nia njema. Hati hiyo ilieleza nia njema ni ipi: mtu asiende kwa mazoea, wala kwa majivuno, wala kwa kutaka kuonekana na watu. Ilisema pia kwamba Ekaristi ni dawa ya udhaifu, haitolewi kama tuzo ya wema. Vijana wanaohesabu Misa zao katika makundi ya simu wangefaidika kuyasoma maneno hayo, na wanaowabeza wangefaidika zaidi.

Ipo sehemu moja ya historia hii ambayo wengi hawaijui, nayo inamgusa kila mfanyakazi wa jiji hili. Hadi miaka ya 1950, aliyetaka kupokea komunyo alipaswa kufunga tangu saa sita usiku, asionje hata maji. Kwa sharti hilo Misa haikuweza kuwa ya mchana wala ya jioni, ila kwa nadra sana. Mwaka 1953 Papa Pius XII aliruhusu maji na kufungua njia ya Misa za jioni; mwaka 1957 akapunguza mfungo uwe wa saa tatu; na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya saa moja, kama ulivyo hadi leo. Kwa hiyo Misa ya mchana pale Basilika ya Familia Takatifu, hatua chache kutoka Jumba la Jiji na Bunge, ambako karani, mlinzi, wakili na mwanafunzi hukaa benchi moja kisha wakarudi kazini, ni tunda la uamuzi wa makusudi. Kanisa lilitazama ratiba ya mtu anayefanya kazi, likaona kwamba sheria yake yenyewe inamzuia, likaibadilisha sheria. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu nadhani tumeusahau moyo wake.

Sasa nije kwenye mfululizo wa Neno. Mpangilio wa masomo uliotolewa mwaka 1969 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano una njia mbili. Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Siku za juma zina mzunguko wa miaka miwili kwa somo la kwanza, huku Injili ikirudi ileile kila mwaka: Marko, kisha Mathayo, kisha Luka, sura kwa sura. Anayehudhuria Dominika na sikukuu kuu pekee husikia, katika miaka mitatu, takriban asilimia 41 ya Agano Jipya; anayeongeza siku za juma husikia zaidi ya asilimia 70. Kwa Agano la Kale, ukiziacha Zaburi, tofauti ni kubwa zaidi kwa uwiano, kutoka takriban asilimia 4 hadi karibu 14. Hata hivyo takwimu hizo hazisemi lililo muhimu zaidi, nalo ni kwamba Dominika husoma vipande vilivyochaguliwa vilingane na Injili, wakati siku za juma husimulia. Kisa huanza Jumatatu, kikakatizwa mahali pabaya, kikaendelea Jumanne.

Mfano ninaoupenda ni wa shamba la mizabibu la Nabothi, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Somo hilo halimo katika Dominika yoyote ya miaka mitatu. Husomwa katika juma la 11 la Kipindi cha Kawaida cha mwaka wa Kanisa, miaka inayogawanyika kwa mbili. Siku ya Jumatatu tunasikia jinsi Mfalme Ahabu alivyolitamani shamba lililopakana na ikulu yake, jinsi Nabothi alivyokataa kuuza urithi wa baba zake, jinsi mfalme alivyolala kitandani akageuza uso na kususa chakula, na jinsi Yezebeli mkewe alivyoandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akatafuta mashahidi wawili wa uongo. Nabothi anapigwa mawe. Ahabu anateremka kulimiliki shamba. Hapo msomaji hufunga kitabu na kusema, "Neno la Bwana," nasi hujibu, "Tumshukuru Mungu." Mkaaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa kisa hicho; anaijua barua yenye muhuri, anawajua mashahidi wa kukodiwa, anajua jinsi kiwanja cha mjane kinavyoamka siku moja kikiwa na ukuta na hati ya mtu mwingine. Na Injili ya siku hiyohiyo ni ile ambayo Yesu anasema tusishindane na mtu mwovu. Aliyekuja Jumatatu tu hurudi nyumbani na dhuluma iliyoshinda pamoja na amri asiyoielewa. Aliyerudi Jumanne humkuta Eliya akimsimamia mfalme ndani ya shamba lenyewe na kumwuliza kama ameua na kurithi pia. Humkuta Ahabu akirarua mavazi yake na kufunga. Husikia Zaburi ya 51 ikiombwa kama kiitikizano. Na husikia Injili ya kuwapenda adui, ambayo baada ya kisa kile haiwezi tena kusikika kama wosia mtamu wa watoto.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mtu aliyekaa usiku mzima na kisa ambacho hakijaisha, akaenda kazini nacho, akapanda matatu nacho, amelibeba Neno kwa namna ambayo mahubiri ya dakika arobaini hayawezi kumfanyia. Imani yake imejifunza kusubiri. Imeonja jinsi Mungu anavyoweza kukaa kimya Jumatatu bila kuwa ameondoka. Tunaposema kwamba waamini wetu hutikisika upesi, kwamba wakipatwa na msiba au wakifukuzwa kazi huhamia kwa mhubiri anayewaahidi muujiza kabla ya mwisho wa ibada, sehemu ya sababu ni kwamba tumewazoesha Maandiko yaliyokatwa vipande ambavyo kila kimoja huisha vizuri.

Jambo la pili ni ufukara wa adhimisho, na hapa nitasema kwa uangalifu, kwa maana ninaipenda Misa ya Dominika ya Kiafrika na sitaki idhaniwe kwamba ninaikosoa. Ngoma, vigelegele, watoto wanaocheza mbele ya altare, maandamano ya matoleo yenye ndizi, unga na kuku hai, hayo yote ni sifa za kweli kwa Mungu na ni haki yetu. Lakini Dominika yetu hubeba pia matangazo ya nusu saa, mchango wa nyumba ya mapadre, shukrani za familia, kutambulishwa kwa wageni na mauzo ya tiketi za chakula cha mchana, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kutoka pale akiwa amejaa mambo ya parokia bila kukumbuka Injili ilisema nini. Katika Misa ya siku za juma hakuna mtu wa kukutambulisha. Kuna ubeti mmoja wa wimbo bila kinanda, masomo, maneno machache ya padre, mkate na divai. Anayeendelea kuja baada ya majuma kadhaa anaendelea kwa ajili ya vitu hivyo tu, kwa kuwa havipo vingine.

Mimi nilianza Misa za mchana miaka kadhaa iliyopita baada ya msiba nyumbani, nikitafuta faraja. Kwa miezi mitatu hivi sikuipata. Padre alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, nje matatu zilipiga honi, na mara nyingi mawazo yangu yalikuwa kwenye kazi niliyoiacha mezani. Sikuona maono, wala sikutokwa na machozi. Nilichokuja kugundua ni kwamba nilikuwa nimeacha kuisubiri Misa inipe hisia, nikaanza kusikia maneno niliyoyasema tangu utotoni, hasa yale yanayotangulia komunyo, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu," na kwa mara ya kwanza nikajua ni nani anayeambiwa. Nisingefika hapo kwa Dominika peke yake, ingawa ninakiri wapo waliofika.

Hoja zinazopinga si hafifu zote. Iliyo nzito zaidi ni ya manabii. Katika Amosi (sura ya 5) Mungu anazikataa sikukuu na nyimbo za watu wanaowaonea maskini, na kudai hukumu iteremke kama maji. Kila parokia ya jiji hili inamjua mtu asiyekosa Misa ambaye humnyima mfanyakazi wa nyumbani mshahara wake, na sote tumewaona viongozi wa benchi la mbele ambao mali yao haielezeki. Ikiwa Misa nyingi hukuza imani, mbona hawa hawajakua? Jibu la haraka, kwamba labda bila Misa wangekuwa wabaya zaidi, silikubali, ni kujifariji. Jibu la kweli ni kwamba Ekaristi haifanyi kazi dhidi ya hiari ya mtu. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba anayekula na kunywa bila kuupambanua mwili hujilia hukumu, na aliwaambia hayo kwa sababu matajiri wa Korintho walikuwa wakishiba na kulewa mbele ya maskini wenye njaa. Mtu wa namna hiyo akija kila siku, hatari yake inakua kila siku. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba idadi haithibitishi chochote. Lakini ni kweli pia kwamba Ahabu akikaa benchi la mbele Jumanne ile, atamsikia Eliya. Akija Dominika tu, hatamsikia. Na Frassati, ambaye sasa vijana wetu wanavaa picha yake, alikuwa akipokea komunyo kila siku huko Turin na kusema kwamba Yesu humtembelea kila asubuhi naye humrudishia ziara hiyo kwa kuwatembelea maskini. Alikufa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na waliojaa barabarani siku ya mazishi yake walikuwa maskini ambao jamaa zake hawakujua kwamba aliwafahamu.

Hoja ya pili ni ya mazoea, nayo ina ukongwe wa heshima. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na mtu anayepokea kila siku anaweza kupokea kama anayekunywa chai. Mtakatifu Augustino aliulizwa jambo hilo karibu na mwaka 400, na katika barua yake kwa Januarius alikataa kuwagombanisha wanaopokea kila siku na wanaojizuia kwa heshima. Alisema Zakayo na yule akida hawakubishana: mmoja alimkaribisha Bwana nyumbani kwa furaha, mwingine akasema hastahili aingie chini ya dari yake, na wote wawili walimheshimu. Mtakatifu Toma wa Akwino aliuchukua mfano huohuo karne nane baadaye na kuongeza kwamba upendo na tumaini, ambavyo Maandiko hutuhimiza daima, ni bora kuliko woga. Ninalipenda jibu hilo kwa sababu halimdharau anayesitasita. Hata hivyo Liturujia yenyewe imewaunganisha wawili hao, kwa maana yule anayekwenda kupokea kama Zakayo huwekewa mdomoni maneno ya akida kabla hajainuka.

Hoja ya tatu inatoka mbali na jiji, na ndiyo inayonifanya nipunguze sauti. Katika vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo mbali na parokia, vya Marsabit na Turkana Misa huja mara moja kwa mwezi au hata kwa nadra zaidi. Katekista huongoza Ibada ya Neno, na imani ya watu hao haina upungufu wa kuonewa huruma na sisi wa Nairobi. Mapadre Weupe walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882, hawakurudi hadi 1885, na katika miaka hiyo bila Misa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, waliongezeka, wakafundishana, wakakomaa kiasi cha kutoa mashahidi wa 1886. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, walijua kwamba Kanisa linaweza kuishi nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba mwenye Misa nyingi ni Mkatoliki zaidi. Lakini watu wa vigango hivyo hawakuchagua uhaba. Waulize, watakuambia wametembea kilomita ngapi siku padre alipofika. Aliye hatua mia mbili kutoka altare hawezi kuchukua subira ya aliye mbali akaifanya udhuru wake.

Zilizobaki ni hoja hafifu, nami nitazishughulikia upesi. Wanaosema watu wanakimbilia Misa kwa sababu ya uchumi huenda wanasema kweli, lakini sioni aibu iliyomo. Katika sura ya 6 ya Yohane, Yesu aliwaambia makutano waziwazi kwamba walimtafuta kwa sababu walikula ile mikate wakashiba, kisha hakuwafukuza, aliwafundisha mpaka wengi wakaondoka wenyewe na Petro akabaki akiuliza, "Bwana, twende kwa nani?" Shida humfikisha mtu mlangoni, na Neno likishaanza kusimuliwa ndipo hujulikana atakaa au ataondoka. Na wanaosema Misa ya mtandaoni inatosha wamejifunza somo baya kutoka mwaka 2020. Makanisa yalipofungwa Machi mwaka ule, matangazo ya redio na intaneti yalikuwa rehema. Yalipofunguliwa Julai kwa watu 100 tu na kwa saa moja, wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakazuiwa, na hao ndio waliokuwa nguzo ya Misa za siku za juma. Kwao na kwa wagonjwa skrini ilibaki kuwa mkono wa Kanisa uliowafikia kitandani. Lakini mtu mzima wa afya anayetazama Misa huku akijibu ujumbe na kukaanga mayai hajahudhuria chochote. Hakuna aliyewahi kushiba kwa kutazama wengine wakila.

Kuna kundi moja ambalo mjadala wote huu hulipita, nalo ni kubwa Nairobi: waamini wasioweza kupokea komunyo, hasa wale wanaoishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto bila ndoa ya Kanisa, mara nyingi kwa sababu mahari haijakamilika au mmoja wao hataki. Dominika hujificha katika umati. Siku ya juma, watu ishirini na watano wakiinuka na wewe ukibaki benchini, kila jicho limekuona. Ninawajua wawili walioacha Misa za asubuhi kwa sababu hiyo peke yake. Kwao wito wa kuhudhuria mara nyingi zaidi unaweza kusikika kama ukatili, na bado naamini ni wao wanaofaa kuambiwa kwamba Neno linasimuliwa kwao pia, kwamba komunyo ya kiroho, yaani kumpokea Kristo kwa hamu ya moyo, si maneno ya kubembeleza, na kwamba Ahabu alirarua mavazi yake kabla hajatengeneza jambo lolote na Mungu akaliona. Lakini hilo linahitaji padre anayeketi katika kiti cha kitubio dakika ishirini kabla ya Misa, na parokia inayosaidia ndoa zifungwe bila gharama ya magari na mahema.

Ikiwa nina haki katika haya, basi kuna mambo ya kubadilika, na mengi hayamhusu mwamini wa kawaida. Mhubiri wa siku za juma angesema, "Jana tulimwacha Nabothi amekufa," ili aliyekosa jana ajue kuna kitu alichokosa. Jumuiya zingeacha kurudia Injili ya Dominika iliyopita tu, zikachukua somo la siku ile wanayokutana. Vijana wangeacha kutangaza idadi. Zaidi ya yote, tungeiangalia upya saa. Parokia nyingi za makazi zina Misa moja tu kila siku ya juma, saa kumi na mbili au na nusu asubuhi. Kufikia wakati huo kibarua wa Mukuru yuko njiani kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda, na wachuuzi wa Gikomba na Marikiti wameshapanga bidhaa. Ratiba hiyo inawafaa wastaafu, watawa na wenye magari, na Misa ya mchana ya katikati ya jiji inawafaa wenye ofisi. Tumekuwa tukihubiri Misa ya mara kwa mara kwa watu ambao hatujawawekea hata moja. Kanuni ya 905 ya Sheria za Kanisa inaruhusu askofu, pale mapadre walipo wachache, ampe padre idhini ya kuadhimisha Misa mara mbili kwa siku kwa sababu ya haki. Sioni sababu ya haki kuliko hii. Misa moja ya saa moja jioni kwa juma, kanisani au kwa zamu katika nyumba za jumuiya, ingefanya kwa mchuuzi kile ambacho Pius XII alimfanyia karani.

Juni 15, 2026 ni Jumatatu ya Nabothi. Ninamfahamu mama auzaye sukuma wiki na nyanya ambaye mwaka jana kibanda chake kilibomolewa usiku na asubuhi akakuta mabati ya mtu mwingine yamesimama palepale. Hakosi Dominika hata moja. Hutoka sokoni saa kumi na mbili na nusu jioni, na Misa ya juma ya parokia yake ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.